Mkuki Haugawi Maji

Mkuki hulinda mfereji, haugawi maji.

Bibi Namsifu aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba katika nchi moja ya mbali wanajeshi wameitwaa serikali, katiba imewekwa kando, na watu wamejaa barabarani wakiwashangilia. Mjukuu wake Eliewaha akapiga makofi na kusema afadhali, wale wanasiasa walikuwa wamezidi. Ndipo bibi alipotoa methali yake, na Eliewaha na dada yake Nakunda wakataka kujua mfereji umeingiaje katika habari za wanajeshi. Bibi akawaambia waendelee kuchambua maharage, kwa kuwa kusikiliza hakuhitaji mikono, kisha akawapa chanzo cha maneno hayo kama na yeye alivyopewa.

Hapo kale, kwenye mteremko wa milima, palikuwa na kijiji kiitwacho Mrindoni. Mvua za huko zilikuwa za kubahatisha, na watu waliishi kwa mfereji. Mfereji ulianzia juu msituni, kwenye banio, yaani pale walipouziba mto kwa mawe, udongo na migomba ili maji yageuke na kushika njia ya mashamba. Kutoka hapo ulishuka ukipita shamba baada ya shamba hadi mkiani, kwenye ardhi ya mwisho kabisa. Mtu wa juu aliyaona maji kwanza. Mtu wa mkiani aliyaona kama yalibaki, na kama watu wa juu walikuwa na haya.

Kwa sababu haya ni kitu adimu wakati wa kiangazi, watu wa Mrindoni walijiwekea desturi. Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, walifanya msaragambo. Kila nyumba ilitoa watu wake na majembe yao, wakauzibua mfereji wote kwa pamoja, wakitoa tope na mizizi toka mkiani hadi kwenye banio. Kazi ikiisha walikusanyika uwanjani. Waliotaka kuwa mgawa maji walisimika majembe yao ardhini, na kila aliyechimba siku ile, mume kwa mke, alikwenda kusimama nyuma ya jembe alilolitaka. Mwenye watu wengi ndiye aliyepanga zamu za maji hadi msaragambo mwingine. Asiyechimba hakusimama, na aliyechimba hakuulizwa ukoo wake.

Kulikuwa pia na walinzi. Hao walikuwa vijana wenye mikuki waliokaa juu kwenye banio, kwa sababu ya nguruwe pori waliobomoa kingo na wezi wa maji waliotoka ng'ambo ya mto. Kazi yao ilikuwa kulinda, basi. Inasemekana enzi za mababu walinzi waliwahi kujitwalia ugawaji, na wazee waliozikumbuka enzi hizo walizitaja kwa sauti ndogo. Lakini hao wazee walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Watu wa Mrindoni walipenda kusema yaliyopita si ndwele, wakaisahau ile nusu ya pili inayosema tugange yajayo.

Huko mkiani waliishi Nakiete na mumewe Mrutu. Nakiete alikuwa mwanamke wa kazi, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Mrutu alikuwa mpole, mwenye kupenda kuuliza maswali ambayo watu walijuta kuyajibu. Walikuwa na shamba moja tu, la mahindi na kunde, na shamba hilo likikauka hawakuwa na pengine pa kushika. Mwaka mmoja wa ukame binti yao mkubwa, Namcha, alipelekwa kwa shangazi yake nyuma ya mlima ili vinywa vipungue. Nakiete alimsindikiza hadi kwenye kona ya njia, na aliporudi aliapa kwamba hatamtoa mtoto mwingine.

Mgawa maji wa siku hizo aliitwa Semkiwa. Mwaka wa kwanza aligawa vizuri mpaka watu wakamsifu, na mwaka wa pili wakasimama tena nyuma ya jembe lake. Sifa nyingi zilimpumbaza. Mwaka wa tatu, msaragambo ulipokwisha, alisema mvua zimechelewa, watu wamechoka, kwa hiyo mambo ya kusimika majembe yaahirishwe. Mwaka uliofuata akasema kuna maadui ng'ambo ya mto na si wakati wa kugawanyika. Watu walinung'unika, lakini kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Zamu za mchana zikawa za shemeji zake Semkiwa. Mkiani maji yalifika usiku wa manane, tena kiasi cha kulowesha visigino.

Basi asubuhi moja walinzi waliteremka kutoka kwenye banio, mikuki mabegani. Aliyewaongoza ni Mkwizu, mtu shupavu aliyewahi kumuua chui peke yake, na hakuna aliyemwita mwoga hata kwa utani. Walimkuta Semkiwa amekaa kwenye kigoda chake, wakakinyanyua kigoda na yeye wakamwacha hapo hapo chini. Mkwizu akawaambia watu amechoka kuwaona wakionewa. Atashika ugawaji yeye mwenyewe, mpaka mambo yatulie.

Mrindoni ililipuka kwa furaha. Nakiete alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, kisha akawapikia walinzi makande ya sufuria nzima. Mrutu alikula sahani yake, halafu akauliza.

"Mama Namcha, Semkiwa tulimpa kwa majembe, na tungeweza kumnyang'anya kwa majembe. Huyu hatukumpa sisi. Tukimtaka aondoke tutamwondoa kwa kipi?"

"Wewe hata ukipewa asali utauliza nyuki wamelala wapi," Nakiete alimjibu, na wote waliokuwapo wakacheka.

Na kweli asali ilikuwa tamu mwanzoni. Maji yalifika mkiani mchana kweupe. Mahindi ya Nakiete yalisimama yakafika kiunoni, akaanza kusema karibuni atamfuata Namcha. Lakini mambo ya Mrindoni yakawa hayatulii, na mwenye kuamua kama yametulia alikuwa Mkwizu peke yake. Walinzi walijimegea mashamba karibu na banio, kwa kuwa wamechoka kulinda na njaa. Kisha kila mlinzi akaahidiwa maji ya alfajiri, yale yanayokuja mengi na baridi kabla jua halijayanywa. Mashamba ya watu wengine yakaanza kungoja.

Nakiete alipanda hadi kwenye banio kuuliza. Hakwenda kwa ugomvi, maana Mkwizu alikuwa rika la mumewe.

"Shemeji," alisema, "zamu yetu imepita, na ya pili nayo imepita."

"Shemeji, vumilia. Mambo bado hayajatulia."

"Mambo hayajatulia wapi? Huku kwako naona mgomba unacheka."

Kesho yake mlango wa maji wa shamba lake ulikutwa umezibwa kwa mawe na udongo. Hakuna aliyemwambia sababu, na hakuhitaji kuambiwa. Kuanzia siku hiyo watu walijifunza kunong'ona, na Nakiete, ambaye hakuwahi kunong'ona maishani, aliona aibu kwa vile vigelegele vyake.

Msimu wa msaragambo ukafika. Mkwizu alikaa akawaza, na alichokiwaza ni watu wote wa Mrindoni mahali pamoja, kila mmoja na jembe mkononi, wakimaliza kazi na kutazamana. Hakukipenda. Akapiga marufuku msaragambo. Badala yake kila nyumba ingezibua kipande chake chenyewe, kwa siku yake, mlinzi akiwa amesimama kandoni.

Hapo ndipo Mkwizu alipokosea, na kosa hilo lingefanywa tu na mtu aliyezoea kuutazama mfereji kutoka ukingoni. Mfereji huchimbwa na watu wanaotazamana. Huyu humwambia yule, umezama mno, inua kidogo, na yule humwambia wa chini yake, shusha. Wakichimba kila mtu kivyake, mmoja huenda chini sana kwa hasira na mwenzake hukwaruza juu juu kwa uvivu. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yakatuama hapa kama bwawa la vyura, pale yakapasua ukingo na kumwagika korongoni. Walinzi walipiga kelele, walitisha, hata walimchapa mzee mmoja, lakini maji hayana mgongo wa kuchapwa. Wiki chache baadaye hata mashamba mapya ya walinzi yalianza kunyauka. Ndani ya mfereji palibaki uzi mwembamba, nao ulikata tamaa kabla ya kufika katikati ya kijiji.

Shamba la Nakiete likawa la kahawia. Mrutu akapata ujumbe kutoka kwa dada yake wa nyuma ya mlima kwamba nafasi ya mtoto mmoja zaidi ipo. Kisha Mrutu akafunga kifurushi cha kaniki na viazi vya njiani kwa ajili ya mtoto wao mdogo, Kiondo, ambaye alikuwa bado analala akiwa ameshika nguo ya mama yake.

Nakiete alikiangalia kifurushi kile, akakifungua. Viazi akavirudisha chunguni. Akachukua jembe lake nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" Mrutu aliuliza.

"Uwanjani. Nimekuwa nikimngoja mtu wa kwanza, na naona hata yeye ananingoja mimi."

Kulikuwa kumekucha vizuri alipofika uwanjani. Alilisimika jembe lake ardhini, mpini juu, akasimama nyuma yake. Mrutu alifika nyuma yake akihema, akasimika la kwake kando, akasema kwamba mwanamke asiachwe peke yake na jua kali namna hii. Jirani aliyekuwa akipita alisimama, akatazama, akarudi nyumbani. Nakiete alidhani ameogopa. Kumbe amefuata jembe. Akaja na mkewe na mama mkwe wake. Habari hupanda mlima haraka kuliko maji, na kabla jua halijafika utosini uwanja ulikuwa umeota mipini ya majembe, na nyuma ya kila mpini mtu.

Walinzi waliteremka wote, Mkwizu mbele. Watu walisikia vyuma vikigongana, na baadhi wakaanza kurudi nyuma. Nakiete hakurudi.

"Nani amewaita hapa?" Mkwizu aliuliza.

"Mfereji umetuita," Nakiete alisema. "Umekauka, shemeji."

"Ng'oeni majembe mrudi makwenu. Nitagawa maji yaliyopo, kila mtu atapata."

"Vema. Basi yagawe sasa hivi, sote tunaona. Ukiweza kuyagawa, mimi wa kwanza nitang'oa langu."

Mkwizu hakuwa mtu wa kukimbia neno. Alinyoosha mkuki kuelekea mashamba ya juu, akasema kwa sauti kubwa kwamba maji ya kesho alfajiri yatakwenda kwa Kajiru, mlinzi wake wa karibu.

"Kesho ni yangu," alisema mlinzi mwingine nyuma yake. "Uliniahidi mimi."

"Hata mimi uliniahidi," alisema wa tatu.

"Nyamazeni," Mkwizu alisema.

Hawakunyamaza. Kila mmoja alikuwa na shamba linalokufa, na kila mmoja alikuwa amekaa na ahadi ya alfajiri ileile kama mtu aliyeshika yai. Kajiru akamwita mwenzake mwongo, mwenzake akamsukuma kifuani, na kufumba na kufumbua mikuki iliyowaelekea watu wa Mrindoni ikageuka ikaelekeana yenyewe. Mkwizu alipiga kelele mara moja, mara mbili. Wakamtazama, lakini hakuna aliyeshusha mkuki wake, kwani kwa nini mtu wa mkuki amtii mwenye mkuki kama wake? Hakuna kati yao aliyekuwa amechaguliwa na mtu yeyote, na kila mmoja alilijua hilo.

Nakiete alipita katikati yao. Mrutu alimshika mkono amzuie, lakini alikwisha chelewa.

"Kajiru," alisema, "mama yako yuko pale, amesimika jembe. Unamwona? Na wewe, mkeo yule. Wote ninyi mna majembe majumbani mwenu yanapata kutu. Kayaleteni. Anayechimba leo atasimama leo, na atapata maji kwa zamu, mchana, bila kumwogopa mtu."

Kajiru alimtazama mama yake, na mama yake hakumpa hata tabasamu la kumsaidia. Kijana alichomeka mkuki wake kwenye kichuguu akaelekea nyumbani. Mwenzake akafuata, kisha waliobaki wakaondoka kwa mkupuo, kama watu waliotuliwa mzigo. Mkwizu akabaki amesimama na mkuki wake peke yake mbele ya kijiji kizima. Mtu aliyemuua chui sasa hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe.

"Una jembe?" Nakiete alimuuliza.

"Ninalo."

"Basi unangoja nini?"

Siku hiyo Mrindoni ilifanya msaragambo ambao watoto wa watoto wao waliendelea kuuimba. Walianzia mkiani, wakapanda wakitazamana, huyu akimwambia yule inua, yule akimwambia mwenzake shusha. Mkwizu alichimba. Semkiwa naye alitoka alikojificha akachimba, akitaniwa tangu tope la kwanza hadi la mwisho. Walinzi walibomoa kingo za mashamba waliyojimegea na kuyarudisha kwa wenyewe. Jua likiwa limeinama walifika kwenye banio, na watu wengi wakashika mawe kwa pamoja, wakayageuza maji. Kisha wakakimbia kuteremka nayo. Vikongwe walikimbia. Maji yalipita katikati ya kijiji bila kusita, yakapiga kona, yakaingia mkiani kwa kishindo, na Nakiete akayapokea amesimama ndani ya mfereji, akilia waziwazi wala hajifuti. Vigelegele vya safari hii alivipiga kwa ajili ya mfereji, na watu wote wakaitikia.

Uwanjani walisimika majembe mawili, la Nakiete na la mtu wa juu aitwaye Mbonea, mwadilifu ambaye hata shemeji zake walimlalamikia kwa kuwa mgumu. Watu wakapanga mistari. Wakahesabu, na jembe la Mbonea likawa na wengi zaidi, si kwa mbali. Nakiete aling'oa lake, akaenda akasimama nyuma ya la Mbonea, akasema sasa wamwongeze na yeye. Halafu akataka jambo moja kabla watu hawajatawanyika, nao wakalikubali kwa sauti moja: mgawa maji yeyote atakayesema majembe yaahirishwe, kwa mvua, kwa jua au kwa maadui, siku hiyohiyo si mgawa maji tena. Wiki hiyo, Nakiete alivuka mlima akamrudisha Namcha nyumbani.

Mkwizu alirudishiwa ulinzi wa banio, maana nguruwe pori hawakuwa wamehama na hakuna aliyewajua kama yeye. Mashamba yalizaa. Kisha kikaja kiangazi kingine, maji yakapungua, na Mbonea akawa mkali katika zamu mpaka watu wakaanza kumnung'unikia, kama ilivyo ada ya watu.

Asubuhi moja Nakiete alipanda kwenye banio kufungua maji ya zamu yake. Alisikia sauti nyuma ya migomba, akaijua. Ilikuwa ya Semkiwa, akisema na Mkwizu.

"Huyu Mbonea hafai," Semkiwa alikuwa akisema. "Watu wamemchoka. Wewe una vijana, una mikuki. Teremka siku moja tu, umwondoe kama ulivyoniondoa mimi. Safari hii hata mimi nitakushangilia. Watakupigia vigelegele, nakwambia."

Nakiete alisimama pale alipokuwa. Alisikia Mkwizu akicheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye hajakasirika.

"Hivyo vigelegele nimekwisha kuvila, ndugu yangu, na nikavitapika," Mkwizu alisema. "Kama umemchoka Mbonea, nenda kanoe jembe. Msaragambo hauko mbali, utasimama nyuma ya umtakaye. Mimi niache na nguruwe wangu. Mkuki hulinda mfereji, haugawi maji."

Nakiete hakujitokeza. Alifungua maji ya zamu yake, akateremka nayo bega kwa bega, na kila aliyemkuta njiani alimsimamisha akamwambia maneno yale na aliyeyasema. Kufikia jioni Mrindoni nzima ilikuwa nayo mdomoni. Na mpaka leo, mahali popote wenye silaha wanapoitwa kuamua yasiyo yao, na watu waliochoka wanapoanza kuwapigia vigelegele, mwenye akili huwakumbusha wenzake kwamba mkuki hulinda mfereji, haugawi maji.